"BABA": NENO MOJA, ASILI NYINGI

Katika nyumba za askari, ambako familia za makabila mengi huishi ukuta kwa ukuta, liko neno moja ambalo mtoto hulijua hata kabla hajalijua jina lake mwenyewe. Waganda katika lugha yao husema "taata". Wanyarwanda husema "data", lakini baba yako wewe humwita "so", na baba wa mtu mwingine "se". Hata hivyo, uwanjani jioni, watoto wa wote hao husema "baba" na kuelewana.

Kwa kuwa neno hili ni la kila mtu, haliishi kubishaniwa. Mmoja husema ni la Kiarabu. Mwingine hudai kuwa Waajemi walilileta kwa majahazi. Wa tatu amewahi kumsikia Mturuki akilitamka, basi papo hapo akahukumu ya kuwa Waturuki na Waswahili ni ndugu. Madai ya namna hii yafaa yapimwe, kwa maana si mara moja watu wamejengewa nasaba ndefu, na wengine kuitwa wageni katika nchi yao, kwa ushahidi wa maneno mawili matatu yanayofanana.

Tuanzie barani. Wakikuyu wa Kenya husema "baba", Washona wa Zimbabwe vivyo hivyo, nao Wazulu wa Afrika Kusini husema "ubaba". Lugha hizo ni za Kibantu kama Kiswahili, na wenyewe wengi wao waliishi mbali na bandari. Kwa hiyo hakuna haja ya kuliagizia neno hili jahazi. Ukienda magharibi hadi Nigeria, Wayoruba nao husema "baba". Ukivuka bahari hadi Uchina, mtoto wa Kichina humwita mzazi wake "baba", ila sauti yake hushuka katika silabi ya kwanza.

Waarabu katika lugha ya vitabu husema "ab", na "baba" ni neno la nyumbani. Wanayo desturi moja ambayo watu wa pwani yetu wataitambua mara moja: mzazi humrudishia mtoto jina lile lile. Baba wa Kiarabu humwambia mwanawe "baba", kama vile mama wa Kiswahili anavyomwambia mwanawe wa kiume, "Njoo baba, ule." Mgeni asiyejua atashangaa nani amemzaa nani.

Kwa Waturuki neno ni la mzazi, lakini pia lilikuwa cheo. Wakuu wa nyumba za tarika ya Bektashi waliitwa "baba", na tarika hiyo ilikuwa na uhusiano mkubwa na askari wa Sultani walioitwa yeniçeri. Jeshi hilo lilipokwisha kuwa na nguvu za kumtisha hata Sultani mwenyewe, Mahmud wa Pili alilivunja kwa mizinga mwaka 1826, na nyumba za Bektashi zikafungwa pamoja nalo. Tena nguzo fupi ile ya gatini inayofungiwa kamba za meli, Waturuki huiita "baba".

Mpaka hapa mabishano ya uwanjani yangeweza kuendelea, maana kote ni mwanamume na mzee. Lakini nenda Urusi, Poland au Serbia: huko "baba" ni mwanamke! Ni bibi, ni ajuza, na katika Urusi likitamkwa kwa ukali ni dharau kwa mwanamke wa shamba. Mchawi wa hadithi za watoto wa Kirusi huitwa Baba Yaga. Katika nyika za Ukraine na kusini mwa Urusi zipo sanamu za mawe zilizochongwa na Wakipchak, watu wa jamii ya Kituruki, takriban miaka 800 au 900 iliyopita, na Warusi huziita "baba za mawe". Ajabu ni kwamba baadhi yake ni sanamu za wanaume wapiganaji wenye silaha viunoni. Wapoland, nao, wana keki ndefu inayoitwa "baba". Keki hiyo ilifika Ufaransa katika karne ya 18, ikaloweshwa pombe, na hadi leo Mfaransa hula "baba" baada ya chakula bila kumkusudia mzazi yeyote.

Japani ndiko mabishano yanakofia kabisa. "Baba" moja kule ni kikongwe wa kike, na si neno la adabu. "Baba" nyingine ni maneno mawili yaliyounganishwa, farasi na mahali, yaani uwanja wa kuendeshea farasi. Mtaa wa Takadanobaba mjini Tokyo unachukua jina lake katika uwanja wa farasi uliotengenezwa mwaka 1636 katika zama za watawala wa kijeshi. Tena Baba ni jina la ukoo. Mpiganaji wa mieleka Giant Baba, aliyefariki mwaka 1999, alikuwa na urefu wa zaidi ya mita mbili.

Kwa nini basi sauti hii moja izagae hivyo? Mtaalamu wa lugha Roman Jakobson, mzaliwa wa Urusi aliyefundisha Marekani, alilijibu swali hilo mwaka 1959, akitumia majina ya wazazi zaidi ya 1,000 yaliyokusanywa na George Murdock kutoka lugha za dunia nzima. Zaidi ya nusu ya majina ya mama yalikuwa na sauti za puani, m au n. Katika majina ya baba sauti hizo zilikuwa chache. Jakobson alieleza kwamba mtoto anyonyaye, kinywa kikiwa kimeziba, huweza kunung'unika kwa pua tu, na mnung'uniko huo hufungamana na titi na mwenye titi. Kuhusu p na b, ni midomo kufungwa na kufumbuliwa, jambo jepesi kwa kiumbe asiye na meno. Sauti ni za watoto wote. Maana hupewa na wakubwa, kila taifa kwa hiari yake. Wageorgia wa milima ya Kaukasi wamechagua kinyume chetu: kwao "mama" ndiye baba, na mama ni "deda".

Hapa lipo jambo linalowahusu kina mama ambao waume zao wako mpakani. Mtoto wa miezi sita au saba akianza "ba-ba-ba-ba", hamwiti mtu bado. Angesema hayo hayo hata kama angezaliwa Tokyo. Asiyesema "mama" kwanza naye hajamkosea mama yake. Ni karibu na kutimiza mwaka ndipo neno hupata mwenyewe. Mwonyeshe picha ya baba yake mara kwa mara ukiitaja, kisha siku moja ifiche nyuma yako usiseme neno. Akiitafuta kwa macho huku akisema "baba", basi siku hiyo mpigie simu baba yake umweleze, naye asikie mwenyewe.