Koo Mbili, Mto Mmoja

Katika filamu kongwe za Marekani, The Big Country, iliyoongozwa na William Wyler mwaka 1958, ni ya kuzungumzwa na wazazi na vijana wao. Koo mbili za wafugaji, Terrill na Hannassey, zinagombea mto upitao katika shamba la Big Muddy. Mwenye shamba, mwalimu Julie Maragon, hamnyimi maji yeyote. Lakini kila ukoo unalitamani shamba hilo ili uukaushe mwingine.

Hapo anaingia nahodha James McKay, aliyeigizwa na Gregory Peck, mgeni aliyekuja kumwoa binti wa Terrill. Anakubaliana na Julie kulinunua shamba, kwa ahadi kwamba mifugo ya pande zote mbili itaendelea kunywa. Wazee hawasikii. Rufus Hannassey anampiga risasi mwanawe mwenyewe aliyefanya hila katika pambano. Kisha yeye na Meja Terrill wanauana bondeni. Maji waliyoyagombea wala hayakupungua.

Kisa hiki hakiko mbali nasi. Apitaye barabara ya Nairobi kwenda Namanga huona jinsi Kitengela na nyanda za Kajiado zilivyobadilika. Sheria ya mwaka 1968 iliruhusu wafugaji wa Kimaasai kumiliki ranchi kwa pamoja. Baadaye nyingi ziligawanywa, kila mtu akapewa hati yake, na nyaya zikafuata. Lakini mvua ya nyanda hizo haisomi hati: hunyesha huku, ikaruka kule. Mfugaji aliyezungukwa na nyua za majirani aweza kuwa na hati mkononi, na ng'ombe wake wasiwe na njia ya kwendea maji. Ndiyo maana mpango ulioanzishwa Kitengela mwaka 2000, wa kuwalipa wenye ardhi wasiizungushie ua, una maana kubwa: mifugo na wanyamapori wapate kupita.

Nasi twamkumbuka Sayyidna Uthman bin Affan, aliyekinunua kisima cha Ruma, Madina, akakifanya wakfu. Alitoa mali yake ili asiwepo wa kuuziwa maji wala wa kunyimwa.

Basi familia inapoketi kugawa urithi, iwe Kajiado au huku pwani, kabla ya kuchimbia nguzo ya kwanza na iulizane: njia ya jirani kwenda majini itapita wapi?