Mpira wa gofu ‘umepindika’ au ‘umepindwa’?

WIKENDI ikifika, kauli moja haikosi kusikika katika viwanja vya gofu nchini: “Aah, mpira umepindika tena!” Mwenye kulia hivyo kwa kawaida ni mchezaji anayepigia upande wa kulia. Mpira wake umeruka vizuri, kisha ukakata kona kulia na kutokomea vichakani.

Kasoro hiyo wachezaji huiita slaisi. Jina lenyewe linatutatiza, maana slesi tuijuayo Wakenya ni ile ya mkate. ‘Mchepuko’ lingefaa, ila mtaani limeshatekwa na mapenzi ya kando! Lakini leo hoja yangu si nomino, ni kitenzi.

‘Pindika’ kimo katika kauli ya kutendeka, ambayo haimpi mtenda nafasi. Twasema “kikombe kimevunjika”, wala hatusemi “kikombe kimevunjika na Juma”. Ukitaka kumtaja Juma, sharti uhamie kauli ya kutendwa: “kimevunjwa na Juma”. Watoto wanaijua siri hii. Sukari kwao ‘humwagika’, hakuna aliyeimwaga.

Mchezaji naye akishasema mpira umepindika, hamtafuti aliyeupinda. Badala yake hugeuka na kulenga kushoto ili kufidia. Hapo ndipo anapoharibu zaidi, kwa kuwa sasa fimbo huvuka kutoka nje ikija ndani na kuukwangua mpira. Kedi wake anaona kila kitu, lakini kwa adabu, au kwa kuchelea kukosa bahashishi, humpoza: “Imepindika kidogo tu, mdosi.” Hivyo kosa huendelea mwaka nenda mwaka rudi.

Hebu basi tuulize: umepindwa na nini? Mwanafizikia J. J. Thomson alilieleza jambo hili katika mhadhara jijini London mwaka 1910: mpira unaozunguka angani husukumwa na hewa. Mzunguko wa kuupeleka upande hutokana hasa na mambo mawili, nayo Kiswahili huyatenganisha kwa vitenzi viwili: ‘elekea’ na ‘pita’. Uso wa fimbo unaelekea wapi unapougusa mpira? Na fimbo yenyewe inapita njia gani? Uso ukielekea kulia kuliko njia inakopita fimbo, mpira utapindwa kulia. Hakuna uchawi.

Tiba nayo ina sehemu mbili. Anza na uso. Unaposhika fimbo, zungushia mkono wa kushoto upande wa kulia kidogo, hadi uone vifundo viwili au vitatu vya vidole vyake. Usikabe fimbo kana kwamba itatoroka.

Kisha rekebisha njia. Mabega na miguu vifuate mstari wa shabaha, visielekee kushoto. Ukitumia fimbo ndefu ya kuanzia, mpira uwe mkabala na kisigino cha kushoto. Unaposhuka, mabega yasikimbilie mbele. Acha mikono ishuke karibu na mwili ili fimbo itokee ndani. Jaribu kwa nusu ya nguvu kwanza, rekebisha jambo moja kwa wakati, na uutazame mpira unavyojibu.

Na ukipinda tena, usiseme ‘umepindika’. Sema “umepindwa na…”, kisha ujaze nafasi hiyo kwa ukweli: uso au njia. Nawe kedi, ukiulizwa, tafadhali mtajie mdosi mtenda.