Mutoto hatembei bado: miezi tunaihesabu namna gani?

Mutauliza mutu wa agronomia anatafuta nini katika mambo ya watoto wachanga. Huku Kabambare, ukiitisha mukutano juu ya mbegu za mupunga, wanaokuja zaidi ni wamama, na wengi wako na mutoto mugongoni. Mbegu zikiisha kugawanywa, maulizo yanageuka. Moja linarudi kila mara: "Wa kwangu iko na miezi kumi na ine, hatembei bado. Wa jirani alitembea na miezi kumi. Nilifanya nini?"

Hiyo "nilifanya nini" ndiyo inayoniumiza, juu nyuma yake kuna maneno ya mutaa. Watasema mama alishika mimba ingine mapema, ao alivunja mwiko, ao kuna mutu katika jamaa anamuangalia mutoto na macho mabaya. Nimeona ndoa ikitikisika juu ya mutoto ambaye hakuwa na ugonjwa hata kidogo.

Sisi wa mashamba tungepaswa kuelewa jambo hili mbele ya wengine. Tukisema mupunga fulani unatoa masuke kwa siku 90, hatusemi kila shina linatoa siku ile ile. Tunasema nusu ya mashina yametoa. Kuna yaliyotangulia, kuna yanayofuata, na yote tutavuna. Na mutoto ni vile: mwezi tunaotaja ni katikati ya shamba, si mupaka wake.

Mupaka wenyewe umepimwa. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani, ile OMS yetu, lilitoa matokeo ya kufuata watoto wenye afya katika inchi tano: Ghana, India, Norwe, Oman na Marekani. (Oman ndiyo, kule kule ambako jamaa za Waarabu wa Kasongo ya zamani zilitoka.) Kukaa bila kushikwa kulianza karibu miezi 4 kwa wa kwanza, na wa mwisho wakafika miezi 9. Kusimama kwa kushikilia kitu, kutoka karibu miezi 5 mpaka 11 na nusu. Kutembea peke yake, kutoka miezi 8 na kidogo mpaka 17 na nusu. Yaani wa miezi 10 na wa miezi 14 wote wako ndani ya shamba. Kiisha, watoto kama 4 kwa 100 hawakutambaa kwa mikono na magoti hata siku moja. Walifika kutembea kwa njia ingine.

Mazoezi nayo yana kazi. Charles Super, Mumarekani aliyefanya utafiti kwa Wakipsigis wa Kenya na kuutoa 1976, aliona watoto kule wanakaa na kutembea mapema kuliko wa Marekani, lakini kutambaa hapana. Kwa nini? Wamama walikuwa wanafundisha kukaa na kutembea. Hapa kwetu mama anamukalisha mutoto ndani ya beseni, anamuzungushia kikwembe, anaendelea kuchagua muchele. Anafikiri anapata tu nafasi ya kufanya kazi, kumbe ni masomo.

Mbele ya kuogopa, hesabu miezi vizuri. Mama mumoja aliniambia wa kwake iko na mwaka na nusu. Alikumbuka alizaa juma tulilogawanya mbegu. Tukafungua daftari, tukapata miezi 13. Na mutoto aliyezaliwa na mimba ya miezi saba, umutolee miezi miwili katika hesabu yake.

Maneno ndiyo watu wanayasahau, wanaangalia miguu tu. Kwa mwaka mumoja wengi wanasema neno ao mawili. Kwa miaka miwili wanaunga maneno mawili, sawa "leta maji". Nyumba nyingi huku zinasema Kibangubangu na Swahili pamoja, na kuna wasomi wenzetu wanaosema luga mbili zinamuchelewesha mutoto. Si kweli. Hesabu maneno ya luga zote mbili pamoja. Kama ni kimya kabisa, angalia masikio kwanza: simama nyuma yake, asikuone, umuite, upige sahani. Akiwa na miezi kama 9 na hageuki, umupeleke. Meninjiti inaweza kuchukua masikio na kumuacha mutoto anacheka vizuri, na watu wanamuita muzembe.

Sasa yale ya kuogopa kweli. Miezi 18 bila kutembea, umupeleke. Anatumia mukono mumoja tu mbele ya mwaka, umupeleke. Lakini kubwa kuliko yote ni mutoto anayepoteza kile alikuwa nacho. Alikuwa anatembea, ameacha. Alikuwa anacheza, sasa anakaa tu, miguu imevimba. Huyo hachelewi, ni mugonjwa. Kama utepe wa kupima mukono unaonyesha chini ya santimetri 11.5, ile rangi nyekundu, usingoje soko la juma kesho. Surua pia inarudisha nyuma. Kasongo inajulikana kwa hilo: timu ya mradi wa Kasongo, pamoja na Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp, ilitoa 1981 katika jarida Lancet utafiti juu ya chanjo ya surua na uzima wa watoto, na 1986 ingine juu ya watoto wanaokwama kukua.

Na muguu ukilegea gafla, siku moja ao mbili, hiyo ni ya kusema siku ile ile. Virusi vya polio vilitangazwa katika Maniema yetu mwaka 2017, na choo cha mutoto ndicho kinachopimwa.

Njia ya kufika kituo cha afya ni ndefu, ninajua, na muganga yuko na watu wengi wanangoja. Basi beba fishi ya kilo, na useme tarehe. "Alikaa na miezi saba, alitembea mwezi wa pili, aliacha kiisha homa ya mwezi wa tano": hapo muganga ana pa kuanzia. "Mutoto ni muzembe" haimusaidii kitu.