Mbegu za Mboga Zisiishe Nyumbani

Kila mwaka mvua za kwanza zinaponyesha, zipo nyumba ambamo mama hutoka na jembe mkononi lakini hana mbegu ya kutia ardhini. Za mwaka jana zililiwa zote, au zilibunguliwa na wadudu, na fedha ya kununulia nyingine imekwenda katika sare na madaftari ya watoto. Basi bustani hukaa wiki kadhaa tupu, na watoto hula ugali kwa chumvi. Jambo hili linasikitisha, maana mgagani, mnavu, mchicha, kunde na maboga ni mboga za kwetu. Bibi zetu hawakwenda dukani kuzitafutia mbegu.

Simkatazi mtu kununua. Paketi nyingine ni njema sana. Lakini isomeni kwanza kabla ya kutoa fedha. Ikiandikwa “chotara” au “F1”, jueni kwamba mmenunua mbegu ya msimu mmoja.

Aliyetufumbulia sababu yake ni padre, Gregor Mendel wa shirika la Waagustino. Kuanzia mwaka 1856 alipanda njegere katika bustani ya monasteri yake mjini Brno, katika nchi iitwayo leo Ucheki. Alichanganya njegere zenye mbegu za manjano na zenye mbegu za kijani. Uzao wa kwanza ukawa wa manjano mtupu. Akazipanda hizo tena, akahesabu: mbegu za manjano 6,022, za kijani 2,001. Yaani ule ukijani uliofichwa ulirudi, kama robo nzima! Alichapisha habari hizo mwaka 1866, wala watu hawakumsikiliza sana mpaka mwaka 1900, naye alikuwa amekwisha kufa mwaka 1884.

Ndivyo ilivyo nyanya ya chotara. Mwaka wa kwanza zote ni sawasawa na nzuri. Ukipanda mbegu zake, moja itafanana na mama, nyingine na babu, nyingine haifanani na yeyote. Mbegu za asili za kunde, maharage na nyanya hazina taabu hiyo, kwa kuwa ua lake kwa kawaida hujizalisha lenyewe. Maboga ni habari nyingine. Nyuki huchukua unga wa ua la boga hili akaupeleka kwa lile, na ukipanda aina mbili karibu karibu, mwakani waweza kuvuna boga lisilo na jina. Afadhali wewe na jirani mpatane kupanda aina moja.

Sasa tuseme juu ya kuchagua, maana hapa ndipo wengi wanapojiharibia. Tunakula miche mizuri, halafu tunaacha iwe ya mbegu ile iliyotushinda kula. Mchicha uliowahi kuchanua majani yake huisha upesi; ukichukua mbegu zake, umejichagulia mchicha wa kuwahi kuchanua. Tazama miche yenye majani mapana, isiyo na ugonjwa, inayochelewa kuchanua. Ifunge vitambaa ili watoto wasiichume, nayo iwe kumi au zaidi, si mmoja. Mnavu uache uive kabisa, kisha ukamue matunda yake katika maji. Mbegu njema huzama. Mbegu za nyanya ziache katika maji yake siku mbili au tatu mpaka ule utelezi uachie, ndipo uzioshe.

Kausha kivulini penye upepo, wala si juu ya bati la moto. Kunde iliyokauka ukiiuma haibonyei. Ichanganye na majivu makavu yaliyochekechwa, karibu kipimo kwa kipimo, na fukusi watapata taabu kutembea humo na kuzaana. Mbegu ndogo zitie katika chupa yenye kifuniko cha kukaza, uandike aina na mwaka, uiweke mahali pakavu pasipo joto. Unyevu na joto ndivyo viuavyo mbegu kimya kimya.

Wiki mbili kabla ya mvua hesabu mbegu ishirini, uzifunge katika kitambaa chenye maji. Zikiota kumi na sita au zaidi, panda kama kawaida. Zikiota kumi tu, panda maradufu. Zikiota tatu, bado unao wakati wa kumwomba jirani konzi moja.

Ila mgagani una desturi yake. Mbegu yake mpya hulala, nayo yaweza kukaa miezi kadhaa baada ya kuvunwa kabla ya kukubali kuota vizuri. Wengi huijaribu mapema, wakaiona imekufa, wakaimwaga kwa kuku. Usiimwage. Irudishe chupani, uijaribu tena baada ya miezi mitatu au minne.