Gitaa la kutengenezwa kwa mkono: ni bora kweli au ni sifa tu?

Leo siasa na mpira tuviweke pembeni kidogo, tuongelee gitaa. Nazungumzia gitaa kavu, lile lisilohitaji umeme, ambalo wazee wetu walizoea kuliita galatoni.

Ukitaka ugomvi kijiweni kwa wapiga gitaa, uliza swali moja tu: kati ya gitaa alilotengeneza fundi kwa mkono wake na lile lililotoka kiwandani, lipi bora? Watu watagawanyika hapo hapo. Wa kwanza watakwambia la mkono ndiyo mpango mzima, eti fundi anaisikia mbao na mashine haisikii kitu. Wa pili watacheka na kusema gitaa la fundi wa mtaani halishiki tyuni hata wiki, bora ukanunue la Mchina dukani. Wa tatu watasema mnapoteza muda, gitaa ni vidole vya mpigaji.

Mi nimewasikiliza wote kwa muda mrefu, na naona kila kundi limeshika kipande cha ukweli. Tatizo ni kwamba neno "mkono" halikwambii ubora. Linakwambia nani kafanya kazi tu. Na hili siyo jambo la kuchekea. Kuna vijana wanadunduliza miezi kadhaa wapate gitaa moja, kwaya zinachangishana, na kuna fundi anayekula au kulala njaa kutokana na maneno tunayoyasambaza. Kwa hiyo tuelewane kwanza hiki chombo kinafanyaje kazi.

SAUTI INATOKA WAPI?

Uzi peke yake hauna sauti ya maana. Ukiupiga unatikisika, mtikisiko unapita kwenye daraja, unaingia kwenye uso wa gitaa, yaani ule ubao wa mbele wenye tundu. Uso ndiyo unaosukuma hewa na sisi tukasikia. Uso mzuri ni mwembamba, karibu milimita 3 tu, lakini unatakiwa kuhimili mvuto wa nyuzi. Seti ya kawaida ya nyuzi za chuma huvuta zaidi ya kilo 70 kwa jumla! Ukiufanya mnene, gitaa linakuwa bubu. Ukiufanya mwembamba kupita kiasi, unavimba tumbo na daraja linang'oka. Ndiyo maana kwa ndani kunabandikwa vijiti vya kuushikilia.

Hapa ndipo kundi la kwanza lina haki. Mbao mbili, hata za gogo moja, hazilingani ugumu. Fundi mzuri anapiga randa, anaukunja ubao kidogo, anaugonga, anasikiliza, anapiga randa tena. Viwanda vya bei rahisi vinakata zote unene mmoja, na mara nyingi vinauacha mnene kidogo ili magitaa yasirudishwe yamevunjika. Kwa hiyo mkono wa fundi anayejua unaweza kutoa sauti ambayo gitaa la bei chee haliwezi.

Nani alithibitisha kwamba uso ndiyo mpango? Fundi wa Hispania, Antonio de Torres, ambaye gitaa la kisasa la nyuzi laini limefuata mfano wake. Mwaka 1862 alitengeneza gitaa lenye uso wa mbao nzuri, lakini mgongo na mbavu akazifanya kwa karatasi zilizogandishwa na gundi. Ndiyo, karatasi! Gitaa hilo limehifadhiwa kwenye jumba la makumbusho ya muziki mjini Barcelona.

MACHO YANATUDANGANYA

Sasa wale wanaolipia mamilioni kwa ajili ya mbao adimu mgongoni, kaeni vizuri. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, walitoa matokeo ya jaribio zuri sana. Fundi Roger Bucknall wa Fylde Guitars alitengeneza magitaa sita yanayofanana kila kitu isipokuwa mbao za mgongo na mbavu. Nyingine zilikuwa za gharama kubwa na adimu, nyingine za kawaida. Wapigaji 52 wakayapiga kwenye mwanga hafifu, wamevaa miwani ya wachomeleaji ili wasione mbao. Matokeo? Alama walizotoa zilikaribiana sana. Mbao za bei mbaya hazikuyaacha mbali magitaa mengine.

Angalizo: jaribio hilo halikupima mkono dhidi ya kiwanda, maana yote sita yalitoka kwa fundi mmoja. Lilipima mbao za mgongo tu. Lakini linatufundisha kwamba mengi tunayodai "tunayasikia" kumbe tunayaona.

Kwetu hili linagusa mpingo. Ukisikia mtu anajinadi "gitaa langu la mpingo mtupu", tulia kwanza. Mpingo ni mti wa heshima, dunia nzima inautumia kwa klarineti, na kwenye gitaa unafaa sana kwa ubao wa shingoni na daraja kwa sababu ni mgumu na hauliki haraka. Lakini ni mzito hadi unazama kwenye maji. Uso wa gitaa unataka mbao nyepesi iliyo ngumu, ndiyo maana mafundi wengi hutumia mbao za jamii ya misonobari ya nchi za baridi. Kwa hiyo swali siyo kama kuna mpingo, swali ni umewekwa wapi.

MKONO UNAPOFELI

Kundi la pili nalo lisidharauliwe. Kuna vitu viwili ambavyo kiwanda, hata cha bei rahisi, huwa hakikosei ovyo: nafasi za vile vyuma vya shingoni, na ukaushaji wa mbao.

Vyuma vya shingoni havipangwi kwa macho, ni hesabu. Chukua urefu wa uzi unaolia, gawanya kwa 17.817, hapo ndipo chuma cha kwanza kinakaa. Uzi ukiwa na milimita 650, chuma cha kwanza kiko milimita 36.5 kutoka mwanzo wa shingo. Urefu uliobaki ugawanye tena kwa namba ile ile, unapata cha pili, na kuendelea. Chuma cha 12 lazima kiangukie nusu, milimita 325. Fundi aliyenakili gitaa la jirani kwa penseli, akakosea milimita moja, basi utakaza nyuzi mpaka mwisho wa dunia na kodi hazitakaa sawa.

Pili ni ukavu. Mbao hunywa unyevu wa hewa na kuutoa. Karakana makini ulaya na Marekani huweka unyevu wa chumba karibu asilimia 45 hadi 50. Gitaa lililoundwa kwenye jasho la Dar likipelekwa Dodoma wakati wa kiangazi linasinyaa, uso unapasuka. Magitaa ya plaiwudi hayapasuki kirahisi kwa sababu tabaka zake zimepishana, ingawa sauti yake mara nyingi inakuwa nzito.

Na msiidharau plaiwudi. Hilo jina galatoni limetokana na Gallotone, magitaa ya bei nafuu ya Afrika Kusini. John Lennon wa Beatles alianza na Gallotone Champion, ambalo ndani lilikuwa na karatasi ya dhamana kwamba halitapasuka. Alikuwa nalo mwaka 1957 siku aliyokutana na Paul McCartney. Kwa hiyo hata wale wa "gitaa ni vidole" wana lao, ila vidole havirekebishi chuma kilichowekwa pasipo pake.

UKIENDA KWA FUNDI AU DUKANI, FANYA HIVI

1. Nenda na rula. Pima mwanzo wa shingo hadi chuma cha 12, kisha hadi darajani. Cha pili kiwe mara mbili, kikizidi kidogo tu, milimita chache, ni sawa.

2. Gusa uzi juu ya chuma cha 12 bila kuukandamiza, upige, kisha ukandamize hapo hapo na kupiga. Sauti mbili zilingane. Rudia nyuzi zote sita.

3. Lalisha jicho kwenye shingo kama unavyokagua mbao iliyonyooka. Ikiwa imepinda pembeni, ondoka.

4. Piga kila kituo, kila uzi. Sikiliza panapokwaruza.

5. Muulize fundi mbao imekaushwa muda gani, na kama atalipokea gitaa kwa marekebisho baada ya miezi mitatu. Anayejiamini atakubali.

La mkono likipita mitihani hiyo, mi nakushauri uchukue la mkono. Siyo kwa huruma, ni kwa sababu likiharibika aliyelitengeneza yuko mtaani na anajua kila kijiti alichobandika. La dukani likivunjika daraja, muuzaji atakuonyesha risiti na kukuambia pole. Likifeli, mwambie fundi waziwazi limefeli wapi, kwa namba. Kusema tu "magitaa ya kienyeji hayafai" hakumfundishi mtu kitu, na kumsifia hovyo ndiyo kabisa hakumsaidii.

Nawasilisha. Wapigaji na mafundi, uwanja ni wenu hapo chini. Ila ukija kubisha, tafadhali njoo na vipimo vya gitaa lako!