Bunduki Fupi Yenye Risasi ya Bastola

Wazee wetu walisema, "Mshale kwenda msituni haukupotea." Methali hii hutumika kwa mambo mengi, lakini leo tuichukue kwa maana yake ya waziwazi. Kinachorushwa lazima kianguke mahali. Mshale uliomkosa mnyama haukuyeyuka hewani. Umekwenda kuchoma kitu kingine, na kitu hicho chaweza kuwa mti, ng'ombe wa jirani, au mtu aliyekuwa akichanja kuni nyuma ya kichaka.

Ikiwa ndivyo kwa mshale, itakuwaje kwa risasi, ambayo huruka mbali kuliko jicho linavyoweza kuona? Swali hilo limewasumbua wakulima wa nchi nyingi. Leo tutazame jinsi wakulima wa Marekani walivyolijibu, kwa bunduki moja ndogo ambayo wengi wetu hatujapata kuiona.

MASHAMBA NA MAJIRANI

Katikati ya Marekani yako majimbo ya wakulima: Indiana, Ohio, Iowa na Michigan ya kusini. Nchi ni tambarare, mahindi yameenea kila upande, na nyumba za wakulima zimetawanyika humo mashambani. Hapo huishi paa wa mkia mweupe, mnyama apendaye mahindi kama nguruwe mwitu wa kwetu apendavyo mihogo. Dume lake laweza kuzidi kilo 90, na nyama yake ni nzuri.

Je, mkulima ampige kwa bunduki gani? Bunduki kubwa ya vita au ya kuwindia milimani hurusha risasi kwa mwendo wa mita 800 na zaidi kwa nukta moja. Risasi kama hiyo ikimkosa paa penye tambarare, yaweza kuvuka mashamba matatu na kufika nyumba ya mtu. Kwa sababu hiyo sheria za majimbo hayo kwa miaka mingi zilizikataza bunduki hizo katika uwindaji wa paa. Watu walitumia bunduki ya marisau iliyotiwa risasi moja nzito. Hiyo huua vizuri, lakini humpiga mwenyewe teke begani kama punda, na wengi waliogopa kuizoea.

Ndipo sheria zilipoanza kulegezwa. Indiana iliruhusu bunduki zenye risasi za bastola mwaka 2007. Ohio na Michigan ya kusini zilifuata mwaka 2014, na Iowa mwaka 2017, zikikubali risasi ambazo ganda lake limenyoka kama kipande cha bomba, wala halina shingo kama chupa. Ganda la namna hiyo halishiki baruti nyingi, na kichwa chake ni kizito na butu. Basi mwendo wake ni wa kadiri, nao hupungua upesi njiani.

BUNDUKI YENYEWE

Bunduki tunayoisema hufungwa kwa komeo. Mfano wake ni komeo la mlango: waliinua, walivuta nyuma, ganda tupu laruka nje, walisukuma mbele, risasi mpya yaingia, walilaza chini, na mlango umefungwa. Wazee waliopata kuwa askari wa K.A.R. waliijua vema kazi hiyo, maana bunduki yao ya Lee-Enfield ilikuwa ya komeo. Lakini ile ilikuwa na urefu wa sentimita 113 na uzito wa kilo 4 hivi. Hii ya mkulima ina sentimita 98 tu, na uzito wake ni kama kilo 2 na nusu.

Mfano mzuri ni ile inayoitwa Ruger 77/357, iliyotoka mwaka 2011. Mtutu wake una inchi 18 na nusu, yaani sentimita 47. Chuma chake hakishiki kutu upesi, na magazini yake ya mviringo hubeba risasi 5. Iko na ndugu yake mkubwa, 77/44, yenye risasi nene zaidi, iliyotangulia mwishoni mwa miaka ya 1990. Kiwanda kilichozitengeneza kilianzishwa mwaka 1949 na Bwana William Ruger na mwenzake Alexander Sturm, katika jimbo la Connecticut.

Kutumia risasi moja katika bastola na bunduki si jambo geni. Winchester walitoa bunduki yao mashuhuri mwaka 1873, na kufika mwaka 1878 Colt walikuwa wakiuza bastola yenye risasi ile ile. Mtu wa safari aliweza kununua kasha moja la risasi likatosha silaha zote mbili. Katika Vita Kuu ya pili Mwingereza mmoja, William Godfray de Lisle, alichukua mwili wa Lee-Enfield akautia mtutu wa risasi ya bastola ya inchi 0.45. Kichwa cha risasi hiyo huenda polepole kuliko sauti, kwa hiyo hakipasui hewa kwa kishindo. Ilikuwa silaha ya kimya kwa makomando, na zilizotengenezwa ni kama 130 tu.

KWA NINI MTUTU MREFU?

Msomaji ataniuliza: "Ikiwa risasi ni ile ile ya bastola, faida ya bunduki iko wapi?" Iko katika mtutu. Baruti inapowaka hutoa moshi wenye nguvu, na moshi huo husukuma kichwa cha risasi muda wote kinapokuwa ndani ya mtutu. Katika bastola, mtutu ni mfupi kama kiganja. Kabla moshi haujamaliza kazi, risasi imekwisha toka. Katika bunduki husukumwa kwa muda mrefu zaidi. Risasi ya 357 yenye kichwa cha gramu 10 hutoka katika bastola kwa mita 375 hivi kwa nukta. Katika bunduki hufika mita 540 au zaidi. Nguvu yake huwa mara mbili, ingawa baruti haikuongezwa hata chembe.

Tena bunduki hukaa begani na mkononi, si mkononi tu. Mtu wa kawaida hawezi kumlenga paa kwa bastola kwa hatua 80 akawa na hakika. Kwa bunduki aweza, tena bila bega kuuma.

Faida nyingine: bunduki ya 357 hukubali pia risasi ya 38 Special, iliyo fupi na dhaifu zaidi. Hiyo ni nzuri kwa mazoezi, maana sauti yake ni ndogo na bei yake kwa kawaida ni nafuu. Lakini kinyume chake si ruhusa: risasi ya 357 haifai kabisa kutiwa katika silaha iliyotengenezwa kwa 38. Yaweza kuipasua.

KUITENGENEZA IWE NZURI ZAIDI

Bunduki mpya ni kama jembe jipya: yafaa, lakini haijaujua mkono wako. Wenye bunduki hizi hupenda kuziendeleza kidogo kidogo. Yafuatayo ndiyo yenye maana.

Kwanza, pa kulengea. Wengine huondoa kilengeo cha kiwandani wakaweka kile cha tundu, ambacho jicho huchungulia katikati yake. Wengine hutia darubini ndogo. Kwa bunduki ya karibu kama hii haifai darubini kubwa. Ile inayovuta mara mbili au nne yatosha, tena haiongezi uzito. Mzee ambaye macho yake yamechoka ataona tofauti siku hiyo hiyo.

Pili, kifyatulio, yaani kile kinachovutwa kwa kidole. Kikiwa kigumu mno, mkono hutikisika na risasi hupotoka. Fundi aweza kukilainisha. Lakini kazi hii apewe fundi wa bunduki mwenye leseni, si mjuzi wa jirani mwenye tupa. Kifyatulio kilicholegezwa kupita kiasi chaweza kufyatuka bunduki ikiangushwa tu, na hapo hakuna tena cha kusema ila msiba.

Tatu, kitako. Bunduki iliyotengenezwa kwa mtu mrefu humsumbua mke wake au kijana wake. Kupunguza kitako au kuongeza mpira nyuma yake huifanya ikae vizuri begani. Mkanda mzuri nao ni msaada, maana mikono hubaki huru mtu anapovuka uzio au mfereji. Hata hivyo, kabla ya kuvuka, mwindaji mwenye akili hutoa risasi kwanza.

Nne, kuchagua risasi. Bunduki mbili za kiwanda kimoja hazipendi chakula kimoja. Mwenyewe hununua risasi za namna tatu au nne, huweka karatasi mbali mita 50, hukaa na kuegemeza bunduki juu ya mfuko wa mchanga, kisha hupiga tano tano. Zile ambazo matundu yake hukaa karibu karibu ndizo zake. Huandika jina lake na hazibadilishi tena.

Tano, usafi. Komeo huchomolewa kwa mkono, nawe waweza kuchungulia mtutu kutoka nyuma hata mbele na kuusafisha kwa njia iliyo sawa. Hii ni faida kubwa ya bunduki ya komeo. Aliyefanya mazoezi kwa risasi fupi za 38 akumbuke kusugua chumba cha risasi kwa brashi, kwa sababu huacha duara la masizi ndani, na zile ndefu za 357 hukwama baadaye.

Sita ni mazoezi. Bila hayo, yale matano ni mapambo. Fedha iliyonunua darubini ya pili ingenunua risasi mia za kujifunzia.

MPAKA WAKE

Bunduki hii ina mpaka, na mwenye kuupita humtesa mnyama. Kwa paa, 357 ni ya mita 90 hivi, na ile ya 44 yaweza kuongeza kidogo. Mbali zaidi, risasi huanguka sana njiani na nguvu yake imekwisha. Mnyama aliyechomwa vibaya hukimbia na jeraha, akafa baada ya siku mbili katika matete, nyama ikaoza, na hakuna aliyefaidi. Mwindaji mwema hulenga nyuma ya bega, penye moyo na mapafu. Asipopaona, huacha. Kuacha nako ni sehemu ya uwindaji.

Wala mtu asidanganyike kwamba risasi ya polepole haina hatari. Hata hiyo yaweza kwenda zaidi ya kilomita moja. Mwaka 2007 ulitolewa uchunguzi uliofanywa kwa ajili ya Bunge la jimbo la Pennsylvania, kulinganisha bunduki kubwa na zile za marisau. Ikaonekana kwamba bunduki ikielekezwa juu, ile kubwa ndiyo yenye hatari zaidi. Lakini ikishikwa sambamba na ardhi, ile risasi nzito ya polepole yaweza kuwa ya hatari kuliko nyingine, kwa sababu hudunda chini na kuruka tena. Fundisho ni moja: usipige mnyama aliyesimama juu ya kilima na mbingu nyuma yake. Ngoja hata nyuma yake pawe na udongo. Udongo ndio unaokamata risasi, si sheria wala jina la kiwanda.

SILAHA NYUMBANI

Huko Marekani, anayenunua bunduki kwa mfanyabiashara mwenye leseni lazima awe na umri wa miaka 18, na tangu mwaka 1998 jina lake huchunguzwa kwanza. Tena mtutu wa bunduki ukipungua inchi 16, sheria ya mwaka 1934 hudai iandikishwe kwa namna ya pekee. Ndiyo maana bunduki hizi fupi hazifupishwi ovyo. Kwetu, kumiliki bunduki bila leseni ni kosa, hata kama ni gobori la babu lililoning'inia darini.

Lakini leseni haifungi mlango wa kabati. Hiyo ni kazi ya baba na mama. Bunduki ikae bila risasi, imefungwa kwa kufuli. Risasi zikae mahali pengine, nazo chini ya kufuli lake. Na funguo zisijulikane na watoto. Bunduki ya komeo hurahisisha jambo hili, maana komeo lake likitolewa na kuwekwa mbali, iliyobaki ni chuma na kitako tu. Twasema, "Mtoto akililia wembe, mpe." Kwa wembe huenda akajifunza kwa kidole kimoja. Kwa bunduki methali hiyo isitumike hata siku moja, kwa kuwa hakuna somo la pili.

Aliyeichagua bunduki hii ndogo ametaka silaha itoshayo kazi yake, na isimfikie jirani asiye na habari. Hatujui kama msomaji wetu atapata kuishika moja maishani. Lakini ulinzi wa shamba tunao sote, na majirani tunao sote. Awe na gobori, upinde, au rungu la kufukuzia nyani, na ajiulize kabla ya kurusha: nyuma ya mnyama huyu kuna nini?