Shinikizo la Juu la Damu: Mpaka Uwekwe Wapi?

Shinikizo la damu ni nguvu ambayo damu huzisukuma nayo kuta za ateri, yaani mishipa inayotoa damu moyoni, na huandikwa kwa namba mbili katika milimita za zebaki. Namba ya juu, iitwayo sistoli, huonyesha nguvu hiyo moyo unapobana, na ya chini, iitwayo diastoli, huonyesha nguvu inayobaki moyo unapolegea. Hatari ya kiharusi na ya maradhi ya moyo haina mahali ambapo huanza ghafla, kwa kuwa hupanda polepole pamoja na namba hizo tangu zikiwa takribani 115 kwa 75, kiwango ambacho hakuna mhudumu wa zahanati angekiita presha. Mpaka kati ya mzima na mgonjwa, kwa hiyo, huwekwa na kamati za wataalamu, na kamati hizo haziupimi ushahidi kwa mizani moja.

Kwa miaka mingi mpaka uliozoeleka ulikuwa 140 kwa 90, hadi Novemba 2017, vyama vya madaktari wa moyo vya Marekani vilipoushusha hadi 130 kwa 80. Kwa uamuzi huo, sehemu ya watu wazima wa Marekani wanaohesabiwa kuwa na presha ilipanda kutoka takribani asilimia 32 hadi asilimia 46, bila mshipa wa mtu yeyote kubadilika. Chama cha madaktari wa familia wa nchi hiyohiyo kilikataa kuuidhinisha mwongozo huo, ilhali vyama vya moyo vimeendelea kuushikilia mpaka wa 130 kwa 80 katika toleo la 2025. Ulaya imebaki na 140 kwa 90, ila mwongozo wa madaktari wa moyo wa 2024 umeongeza kundi la katikati, kuanzia 120 kwa 70, linaloitwa shinikizo lililoinuka. Uingereza nayo imebaki na 140 kwa 90, lakini kwa sharti kwamba namba ya kliniki ithibitishwe kwa mashine inayovaliwa saa 24 au kwa vipimo vya nyumbani, ambako mpaka hushuka hadi 135 kwa 85.

Mtu aliyepimwa kliniki na kukutwa na 134 kwa 84, basi, ana presha ya hatua ya kwanza akiwa Marekani, ana shinikizo lililoinuka akiwa katika nchi zinazofuata mwongozo huo wa Ulaya, na hana presha akiwa Uingereza. Hata hivyo tofauti ya majina ni kubwa kuliko tofauti ya tiba. Mwongozo wa Marekani wa 2017 haukumtaka kila mwenye namba hiyo aanzishiwe vidonge. Ulitaka kwanza ikadiriwe hatari yake ya kupata maradhi ya moyo na mishipa katika miaka kumi ijayo, na ikiwa haifiki asilimia 10 wala hana ugonjwa mwingine, apunguze chumvi, uzito na pombe, afanye mazoezi, kisha apimwe tena.

Kilichoisukuma Marekani kushusha mpaka ni, kwa sehemu kubwa, utafiti wa SPRINT uliochapishwa 2015, ambao uligawa watu 9,361 wenye hatari kubwa katika makundi mawili, moja likilenga sistoli chini ya 120 na jingine chini ya 140. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati wake kwa sababu visa vya maradhi ya moyo na mishipa katika kundi la kwanza vilipungua kwa takribani robo, na vifo vivyo hivyo, ingawa kundi hilohilo lilipata zaidi visa vya kuzirai, vya presha kushuka mno na vya figo kudhurika ghafla. Wasomaji wengi wa matokeo hayo husahau mambo mawili: wenye kisukari na waliowahi kupata kiharusi hawakuingizwa, na katika vituo vingi mgonjwa alipumzika dakika tano, kisha mashine ikampima mara tatu yenyewe bila mhudumu kuwa chumbani. Namba inayopatikana hivyo mara nyingi huwa ndogo kuliko ile inayoandikwa katika kliniki iliyofurika, na kuzilinganisha bila kulikumbuka hilo ni kosa linalowapata hata madaktari.

Upimaji, kwa kweli, unastahili uzito kuliko mabishano ya mipaka. Mkanda mwembamba juu ya mkono mnene hupandisha namba, na vivyo hivyo mkono unaoning'inia bila kuegemezwa, mgongo usioegemea kiti, miguu iliyopishanishwa, kibofu kilichojaa, kahawa iliyonywewa muda mfupi kabla, na mazungumzo wakati mashine inapojaza hewa. Makosa mawili kati ya hayo yakikutana yanaweza kumvusha mtu mipaka yote ya Ulaya na Marekani kwa pamoja.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 uliandikwa kwa kuzingatia pia nchi ambako maabara iko mbali na daktari ni mmoja kwa watu wengi. Unaanzisha dawa kwenye 140 kwa 90, na kwenye sistoli ya 130 kwa wenye maradhi ya moyo na mishipa, ukipendekeza vivyo hivyo kwa wenye kisukari, ugonjwa sugu wa figo au hatari kubwa. Unapendelea dawa mbili za makundi tofauti, ikiwezekana ndani ya kidonge kimoja. Kuhusu dawa zipi, Afrika ina ushahidi wake: utafiti wa CREOLE wa 2019, uliofanyika katika nchi sita zikiwemo Kenya na Uganda, ulionyesha kwamba kwa wagonjwa Weusi michanganyiko yenye amlodipini hushusha shinikizo vizuri kuliko perindopurili pamoja na haidroklorothiazaidi.

Kwa Afrika Mashariki, ambako wengi wenye 160 hawajawahi kupimwa, kuwasaka walio na 132 kabla ya hao ni kugeuza mpangilio wa mahitaji. Mwongozo huo wa 2021 unaruhusu wauguzi na wafamasia waliofunzwa kutoa tiba chini ya usimamizi, unakataza dawa kucheleweshwa kwa kusubiri vipimo vya maabara, na unataka mgonjwa aliyeanza tiba aonwe kila mwezi hadi afikie lengo, kisha kila baada ya miezi mitatu hadi sita.